Elfu Arobaini na Miezi Mitatu ya Baridi

Gari likishaacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, abiria mzoefu havai sweta akifika Lushoto. Anavaa akifika Soni, njiani, wakati dirisha bado linafunguka. Ni kilomita 33 tu, lakini unaliacha joto la mashamba ya mkonge chini na kutokeza kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na ukija Julai utawakuta watu wamejifunga mashuka shingoni saa nne asubuhi bila aibu yoyote. Jioni ndiyo usiseme. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba, soko linafungwa mapema, na ikifika saa kumi na mbili na nusu kila mtu yuko ndani na mlango umekomewa. Kuanzia hapo hadi usingizi kuna saa tatu za bure, kila siku, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Jumla ni jioni 92.

Majirani wengi wanazimalizia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na siwalaumu. Mwaka huu mimi niliamua kusoma, tena kwa masharti mawili: nisitumie zaidi ya shilingi 40,000 kwa msimu wote, na vitabu viwe vya waandishi wa kwetu. Kwetu nilianza kuhesabu kwa milima hii ya Usambara yenyewe, nikashuka mkoa wa Tanga, kisha ndiyo nikatoka kwenda Tanzania nzima. Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa faida ya mwenye nia kama yangu. Bei ninazozitaja ni za kukadiria, zile nilizokumbana nazo au nilizotajiwa. Vitabu havina bei elekezi kama sukari, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa pesa.

Nianze na taa, maana hapo ndipo watu wanapoanzia visingizio. "Umeme ghali." Tupige hesabu. Balbu ya LED ya wati 9, ukiiwasha saa tatu kila jioni kwa jioni zote 92, inakula uniti mbili na nusu. Si kwa siku, ni kwa msimu mzima. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kwa hiyo taa ya kusomea msimu mzima ni kama shilingi 250. Wa daraja la kawaida la shilingi 292 atalipa shilingi 725 hivi. Kodi na tozo weka juu yake, bado haifiki bei ya soda. Sasa chukua mshumaa. Mshumaa mmoja mnene wa shilingi 500 kwa jioni, mara 92, ni shilingi 46,000. Bajeti yangu yote imeungua na ikavuka, na bado sijanunua hata ukurasa mmoja! Mwenye nyumba isiyo na umeme heri anunue taa ya sola mara moja. Hata akiipata kwa 30,000, katika siku sitini atakuwa amerudisha hela ya mishumaa, na mwakani anasoma bure. Tochi ya simu ni ya dharura tu. Inaumiza macho, na ukipigiwa simu gizani unapoteza mstari.

Kwenye joto watu wanapoteza zaidi. Mazoea ya huku ni kuingiza jiko la mkaa chumbani. Ukinunua sado ya mkaa ya shilingi 2,000 kila baada ya siku mbili, mwezi umekula 30,000, na hapo hujapika. Hilo la pesa bado ni dogo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Jiko likae jikoni, mlango wazi, na ukitaka kusoma kando yake soma ukiwa macho, kisha litoe nje kabla ya kulala. Kwa msomaji, joto la bei nzuri linapatikana kwenye gulio: sweta zito la mtumba, soksi za sufu, na chupa ya chai iliyojazwa chai ya tangawizi saa kumi na mbili. Mimi sweta nililo nalo limetoka Norway au nchi nyingine ya baridi kama hiyo, lina paa kifuani, na limenigharimu chini ya nusu ya kitabu kipya. Sikulihesabu kwenye bajeti, kwa kuwa ningelinunua hata kama ningekuwa sijui kusoma.

Basi vitabu.

Njia ya kwanza iliyomjia kila niliyemuuliza ni kuagiza Dar es Salaam. Kitabu chembamba cha hadithi cha Kiswahili, kipya, huuzwa huko kati ya shilingi 7,000 na 15,000. Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na nyumba hiyo ya uchapishaji ndiyo iliyorudisha sokoni vitabu kadhaa vya Shaaban Robert ambavyo kizazi chetu kilikuwa kimevizoea kwa kurasa zilizochanika. Pale Mikocheni kuna Soma Book Café, ambako unaweza kukaa na kupekua kabla ya kununua. Kwa mtu wa Lushoto shida haiko kwenye bei ya jalada, iko kwenye zaidi ya kilomita 300 zilizo katikati. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu ni wazimu. Watu wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa simu, na kitabu kinapandishwa basi kama mzigo. Mzigo mdogo wa namna hiyo niliambiwa 5,000. Hapo hesabu inageuka. Ukiagiza kitabu kimoja cha 10,000, kimekufikia kwa 15,000, yaani nusu ya bei tena imeliwa na barabara. Ukiagiza viwili kwa mkupuo, kila kimoja kimekufikia kwa 12,500. Mkiwa jirani wanne, kila mmoja na vitabu viwili vyake, nauli ya mzigo inashuka hadi mia sita na ushee kwa kitabu. Sijui kwa nini tunachangishana harusi kwa bidii kiasi kile tukashindwa kuchangia bahasha moja.

Ninunue kipi? Shaaban Robert hakwepeki, na kwa mkoa huu yeye ni wa nyumbani: alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, na akafa mwaka 1962. Watu wengi wakisikia jina lake wanakimbilia Kusadikika, ile kesi ya Karama na wajumbe wake sita. Ni kitabu kizuri kwa baridi, unaweza kusoma mjumbe mmoja kila jioni, lakini wengi wetu tulitumikishwa nacho shuleni na kovu halijapona. Kwa Lushoto mimi napendekeza Utubora Mkulima. Kinamhusu mtu anayeacha kazi ya mjini yenye mshahara kwenda kushika jembe. Huku, ambako kila kijana anayepanda basi la asubuhi anaelekea upande wa pili, kitabu hicho kinasomeka kwa namna ambayo mtu wa Kariakoo hawezi kukisoma. Nilikibishia sana. Utubora ni mwema kupita kiasi, na mtu aliyewahi kupalilia viazi kwenye mteremko wa huku, jembe moja mguu mmoja, atajiuliza kama mwandishi alikuwa akilima au akitazama wanaolima. Ila nilikimaliza, na nikakirudia.

Cha pili nilichoagiza ni Adili na Nduguze, na hiki nilikinunua kwa ajili ya kusoma kwa sauti. Juni watoto wako likizo. Nyumbani kwetu walikuwa wanne, na bibi wa tano. Ndugu wawili wenye wivu, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni habari inayotosha kumfanya asahau simu. Tulikimaliza kwa jioni tano. Piga hesabu: 12,500 kwa jioni tano ni 2,500 kila jioni, na kwa wasikilizaji watano ni 500 kwa kichwa. Hiyo ndiyo bei ya kuingia kibanda umiza kutazama mpira, na hapa hakuna aliyesimama wala kukanyagwa. Mwaka ujao kitabu kipo vilevile.

Peponi kilinitoa udenda. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, na ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mzaliwa huyo wa Zanzibar kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kijana Yusufu anachukuliwa kwa ajili ya deni la baba yake, anaingia kwenye misafara ya biashara kwenda bara, na Wajerumani wanazidi kusogea. Kwa sisi tunaoishi katika mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, si habari ya mbali. Lakini bei yake niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Shaaban Robert. Nikakiweka kando kwa ununuzi wa pamoja. Kitabu cha namna hiyo mtu mmoja akinunua peke yake amejionea makubwa. Wakinunua watatu na kuzungushiana, ni bei ya kawaida.

Njia ya pili watu wanaidharau kwa sababu iko puani mwao: steshenari. Vitabu vya fasihi vilivyosomwa kwenye sekondari viko hapahapa Lushoto, havihitaji basi, na kwa kuwa vimechapwa kwa wingi bei yake ni ya chini kuliko riwaya za mjini. Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, na tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Semzaba ni jina ambalo mtu wa Tanga halimpi tabu kulitambua, na ukifungua Ngoswe ukamkuta Mzee Ngengemkeni Mitomingi, unajua mwandishi hakuokota majina yake njiani. Ngoswe nilikinunua kwa 6,000. Nilikuwa nakikumbuka kama kitabu cha "eleza dhamira" na "taja wahusika". Kukisoma nikiwa mtu mzima, bila mtihani mbele, nilicheka peke yangu hadi mtoto akaja kuuliza kuna nini. Karani wa sensa anafika kijijini kuhesabu watu, anahesabu moyo wake kwanza, na makaratasi ya serikali yanaishia motoni. Sisi tuliohesabiwa mwaka 2022 tunajua makarani walivyopokewa. Kwa pesa uliyotoa na kicheko ulichopata, katika msimu mzima hakuna kilichokishinda.

Gulioni nako kuna vitabu, ukitafuta. Vimelazwa juu ya turubai pembeni ya viatu, vimekuja na marobota au vimetoka kwa mtu aliyehama nyumba.

"Dada karibu, hivyo vya Kizungu elfu mbili, vya Kiswahili elfu moja."

"Mbona vya Kiswahili rahisi?"

"Havina picha nje."

Sikubishana naye. Nilichukua vitatu kwa elfu tatu, riwaya za upelelezi za zamani, za zama zile Elvis Musiba na Ben Mtobwa walipokuwa wakisomwa kwenye mabasi na kwenye lindo. Vitabu hivi vina raha yake: jina la mwenyewe wa kwanza kwa kalamu ya wino, tarehe, mahali pengine namba ya sanduku la posta. Ila vina hatari moja ambayo lazima niiseme. Kabla hujatoa pesa, fungua nyuma. Mimi sikufungua. Kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa hakina kurasa nne za mwisho, na mpaka leo sijui nani aliua.

Kuna wanaokimbilia kutoa kopi. Wanaazima kitabu, wanakipeleka steshenari, wanakirudisha. Wanaamini wameokoa pesa. Kitabu cha kurasa 120, ukikifunua kurasa mbili kwa karatasi, ni karatasi 60. Kwa shilingi 100 kila moja ni 6,000, na kubana na gamba gumu ongeza 2,000. Umetoa 8,000 kwa rundo la karatasi lenye kivuli cheusi katikati, maneno ya katikati yamemezwa na mkunjo, na mwandishi hakupata hata thumuni. Kitabu chenyewe kipya kilikuwa labda 10,000. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo pesa inapotupwa kuliko njia zote, achilia mbali sheria ya hakimiliki.

Simu ni habari nyingine, na nilianza nikiwa na chuki nayo. Nadhani nilikosea nusu. Kuna waandishi wa riwaya wa Kitanzania, wakiwemo wale walioungana katika UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya, ambao hawangojei mchapishaji wala duka. Wanaandika, wanatangaza mtandaoni, unawatumia pesa kwa simu, wanakutumia kazi. Wengine wanatoa hadithi sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, kisha ukinogewa unalipia zilizobaki. Mimi nilinogewa, nikalipa 3,000. Hadithi ilikuwa na makosa ya tahajia ya kutosha kumtia homa mwalimu wangu wa Kiswahili, lakini sehemu ya kumi na nne niliisoma saa saba usiku chini ya blanketi. Faida kubwa kwa mtu wa milimani ni kwamba hakuna basi. Hasara ni kwamba huwezi kumwazima jirani bila kumwibia mwandishi, na simu ileile inayokuletea hadithi inakuletea pia mambo mengine yote. Kuhusu zile PDF za vitabu vizima zinazorushwa bure kwenye makundi, hizo usiziite rahisi. Mwandishi wako wa karibu ndiye anayezilipia.

Maktaba nimeiacha nyuma makusudi. Serikali ilianzisha huduma za maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kwa mkoa huu, maktaba ya mkoa iko mjini Tanga, kwenye jengo la enzi za ukoloni lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Kwa mkazi wa Tanga mjini hesabu imekwisha: aende maktaba, asinunue kitu. Kwa mtu wa Lushoto, kitabu cha kuazima bure kinakuwa na nauli mbili, ya kukichukua na ya kukirudisha, labda uwe na safari zako. Mwenye mtoto anayesoma Tanga amtumie huyo. Sisi wengine maktaba yetu ni watu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kitabu nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo, na ambacho katika hesabu zote hizi hakina bei.

Habari za Wakilindi kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyezifahamu kwa karibu enzi za hao Wakilindi, watawala wa milima hii. Kilichapwa na misheni ya Magila, kule Muheza chini ya Usambara ya Mashariki, kwa sehemu tatu: 1895, 1904 na 1907. Mwaka 1962 J. W. T. Allen alikitengeneza upya na East African Literature Bureau ikakitoa, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza. Ndani yake kuna Mbega, mwindaji wa Ngulu aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego na kuogopwa na jamaa zake, akatangatanga na mbwa wake hadi akapanda huku, akaua simba akiwa njiani kwenda Vuga, na wenyeji wakamfanya mfalme wao, Simba Mwene. Kuna mfalme Kimweri, kuna vita vya wanawe na wajukuu baada ya kufa kwake, kuna Semboja wa Mazinde, Mazinde ileile unayoipita ukiwa kwenye basi la kwenda Same. Ni riwaya ya kifalme yenye majina ya vituo vya daladala.

Dukani hakipo. Niliuliza Lushoto, nikauliza Tanga, nikapiga simu Dar es Salaam. Mmoja aliniuliza kama Wakilindi ni kabila la Kenya. Ningeagiza nje kilichotumika, hata bila kuongeza posta, bajeti yangu ya msimu isingetosha. Ni vilevile kwa vitabu vya Steven Feierman, The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974 na Peasant Intellectuals cha mwaka 1990. Ni vya Kiingereza, ni vya chuo kikuu, bei ni ya dola. Kile cha pili kinaeleza kwa kina maneno mawili ambayo wazee wa huku bado wanayajua, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu, na mjadala wa nani mwenye uwezo wa kuleta mvua na nani mwenye kuizuia. Yaani maneno ya Kisambaa yamesafiri hadi Wisconsin yakachapwa huko, na kuyarudisha Lushoto ni ghali kuliko mbuzi.

Tena hapa Vuga, makao ya zamani ya hao Wakilindi, misheni ya Kilutheri iliweka mtambo wa uchapaji uliotoa maandishi ya Kiswahili. Mashine zilikuwa hapohapo kwenye ardhi ya hadithi.

Mwishowe nilikipata kwa njia ya kawaida ya huku. Mwalimu mmoja mstaafu anacho, toleo la 1962, limefungwa gamba la gazeti na kushonwa kwa uzi wa viatu. Alinipa siku kumi, akaandika jina langu na tarehe kwenye daftari, akaniambia nisikisomee jikoni. Nilivunja sharti hilo jioni ya kwanza tu, kwa sababu bibi hawezi kukaa mbali na moto.

Nilikuwa nikisoma kwa sauti, naye anamenya viazi bila kuvitazama. Nilipofika Mbega anapokutana na watu wa milimani, akanisimamisha.

"Hilo la nyama umelipita haraka. Rudia."

Nikarudia.

"Eeh. Watu walikuwa na ndizi, hawana kitoweo. Yeye ana nyama, hana ndizi. Mfalme aliingia kwa mlango wa jikoni, mjukuu wangu." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Huyo aliyeandika wa wapi?"

"Wa pwani, bibi."

"Ndiyo maana. Sisi wa Shambaai tungeanza na mvua."

Siku kumi zilikwisha tukiwa bado hatujafika kwa Semboja, kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa unazaa kurasa mbili za bibi. Mwalimu akaongeza siku saba. Gharama ya kitabu hiki kwangu ilikuwa kilo mbili za maharage nilizompelekea wakati wa kurudisha, na hata hizo alizipokea kwa kugombana.

Kwa hiyo msimu wangu ulikwenda hivi: vitabu viwili vya Shaaban Robert pamoja na mzigo wa basi, 25,000, Ngoswe, 6,000, vitatu vya gulioni, kimoja kikiwa kilema, 3,000, hadithi ya simuni, 3,000. Jumla 37,000. Elfu tatu iliyobaki ilinunua majani ya chai na tangawizi. Nisingebadili sana. Ningeacha kitabu kimoja cha gulioni, na Peponi ningekitafutia washirika mapema, Mei, kabla watu hawajalipa pembejeo. Mwenye 10,000 tu aende steshenari achukue Ngoswe, na chenji yake impatie kimoja au viwili vya turubai, baada ya kufungua nyuma. Mwenye watoto aanze na Adili. Asiye na hata senti amtafute mstaafu wa karibu, ampelekee maharage.

Limebaki ombi moja. Nyumba nyingi za huku, za walimu wa zamani, makatekista, makarani wa serikali za mitaa, zina sanduku la bati chini ya kitanda ambalo halijafunguliwa tangu mzee afariki. Kabla hamjawapa watoto karatasi za kuwashia moto, fungueni mtazame. Mkikuta Habari za Wakilindi, toleo lolote, hata kama halina jalada, msichome wala msifungie karanga. Mniazime. Nitairudisha kabla ya mvua za vuli, na sitaisomea jikoni.